Maili za Safari ya Umma ni za Nani?

Usiku wa Jumapili, tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Shirika la Ndege la Kenya iliondoka katika kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, ikaelekea Marekani bila kutua popote njiani. Alfajiri ya Jumatatu, kwa saa za huko, ikatua New York katika kiwanja kinachoitwa kwa jina la John Kennedy. Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alikuwapo kuiaga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ndege ya abiria kuziunganisha nchi hizo mbili kwa mruko mmoja, na majirani zetu walikuwa na haki ya kufurahi.

Twajua kwamba wako wasomaji wetu watakaouliza mara moja: Jambo hili latuhusu nini? Kabwela hapandi ndege. Kabwela hulipa nauli ya basi na kusimama mpaka mwisho wa safari. Twawaomba watuvumilie kidogo. Katika njia hiyo mpya limo jambo linalomhusu hata yule ambaye hajapata kukanyaga ngazi ya ndege, kwa sababu tikiti nyingi za njia za namna hiyo hulipwa kwa fedha yake.

Kwanza tuseme habari za njia yenyewe, maana yafaa mtu akijue kitu kabla ya kukitolea hukumu. Ndege za nchi haziruhusiwi kuanzisha safari za kwenda Marekani mpaka wakuu wa usafiri wa anga wa huko waridhike kwamba Serikali ya nchi hiyo yasimamia vyema usalama wa anga. Kenya ilipewa cheti cha daraja la kwanza mwezi wa Februari 2017, baada ya kazi ya miaka mingi. Ndege iliyochaguliwa ni Boeing 787-8, yenye viti 234: viti 30 vya daraja la biashara na viti 204 vya daraja la kawaida. Safari yenyewe ni ya kilometa 11,800 hivi. Kwenda huchukua saa 15, na kurudi saa 14, kwa kuwa huko juu pepo kali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, nazo huisukuma ndege inayorudi na kuizuia inayokwenda. Kwa kila upande huhitajiwa marubani 4, wahudumu 12, na mafuta tani 85 hivi. Msomaji anayeendesha lori la kwenda Tunduma atazame hesabu hiyo ya mafuta, kisha atuambie kama ni mchezo.

Kabla ya hapo, mtu wa Afrika Mashariki aliyetaka kwenda New York alipitia Amsterdam, au London, au Dubai, au Addis Ababa. Alilala juu ya benchi la kiwanja cha watu, mzigo wake akiuegemeza kichwani asije akaibiwa. Pengine alitakiwa kuwa na viza ya nchi ambayo hakuwa na haja nayo ila kukaa humo saa sita akingoja ndege nyingine. Mama mwenye mtoto mchanga aliyajua mateso hayo kuliko mtu yeyote. Njia mpya iliyaondoa, na si kwa wenyeji wa Nairobi peke yao. Abiria wa Dar es Salaam au Entebbe huruka muda mfupi tu mpaka Nairobi, kisha hupanda ndege ile ile.

Wazee watakumbuka kwamba lilikuwako shirika letu sote, la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946. Shirika hilo lilipata kufika New York mwaka 1970 kwa ndege aina ya VC10, zikipitia Ulaya. Lakini safari hizo hazikudumu, na shirika lenyewe likavunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya. Kenya ikaunda lake mwaka huo huo. Hatutaki kuchokoa kidonda hicho leo.

Basi njia ilipofunguliwa, jamaa zetu walioko ng'ambo, wauguzi, wanafunzi, madereva wa malori na watunza wazee, wakaanza kuuliza neno moja: Je, kiti hiki chaweza kununuliwa kwa maili?

Neno hilo lataka maelezo. Mfanya biashara mwerevu wa sokoni, akiisha kukupimia mchele kilo mbili, huongeza konzi moja juu yake. Hiyo ndiyo nyongeza. Hakukupa kwa sababu akupenda sana; amekupa ili kesho usiende kwa jirani yake. Mashirika ya ndege ya Marekani yaliijifunza hekima hiyo baada ya mwaka 1978, Serikali ya huko ilipoacha kuyapangia nauli na njia, yakaanza kunyang'anyana abiria. Mwezi wa Mei 1981 shirika la American Airlines likaanza kuwaandikia wateja wake maili walizosafiri katika daftari. Maili zikifika kiasi fulani, mteja hupewa kiti bila kulipa nauli. Wenzake wakafuata upesi, na desturi ikaenea duniani kote.

Baadaye mashirika yakafanya vyama. Kimoja cha vyama hivyo ni SkyTeam, kilichoanzishwa mwaka 2000 na mashirika manne: Aeroméxico, Air France, Delta na Korean Air. Shirika la Kenya liliingia kuwa mwanachama kamili mwaka 2010. Faida ya chama ni kwamba maili ulizozipata kwa mmoja zaweza kununua kiti kwa mwenzake. Mkazi wa Atlanta aliyekusanya maili za Delta kwa kusafiri ndani ya Marekani tu aweza kuzitoa zikamleta Nairobi kwa ndege ya Kenya. Na wakati njia ya New York ilipofunguliwa, shirika la Kenya lilitumia daftari moja na Air France na KLM, liitwalo Flying Blue. Kwa hiyo aliyewahi kusafiri kwa KLM kwenda Amsterdam alikuta kwamba tayari anazo maili za kumpeleka New York au za kumfikisha karibu.

Lakini tuseme wazi namna kiti hicho kinavyopatikana, maana wengi wamedanganyika. Shirika lenye ndege halifungui viti vyote kwa wenye maili. Hutenga vichache, kwa kawaida vile linavyodhani vitabaki vitupu, na washirika wake huruhusiwa kuchukua katika hivyo tu, kwa bei waliyopatana wao kwa wao, ambayo ni ndogo kuliko nauli. Ndiyo maana mwezi wa Desemba, kila mtu anapotaka kula sikukuu kwao, mlango wa maili hufungwa kabisa huku viti vya fedha vikiuzwa bado. Mwenye busara hutafuta mapema, miezi kumi au kumi na mmoja kabla ya safari, au huchagua Februari au Mei. Tena neno "bure" si la kweli hata hapo: kodi za viwanja na za Serikali hulipwa kwa fedha taslimu, na mashirika mengine huongeza ada zao wenyewe juu yake. Mtu asiyeulizia mapema hujikuta amekwisha kutoa maili zake zote, kisha aambiwa alete dola mia kadhaa.

Yako na mambo mengine mawili. Tikiti ya maili hufuata sheria za yule aliyeitoa, si za mwenye ndege. Ukiitoa kwa daftari la Delta, na ndege ikachelewa Nairobi ukataka kubadili siku, karani wa Nairobi huenda akakurudisha kwa Delta; si ukali wake, ndivyo mambo yalivyo. La pili ni la hatari zaidi. Wako watu wanaouza maili mitaani na mitandaoni, wakisema watakukatia tikiti ya New York kwa nusu ya bei. Mashirika yamekataza biashara hiyo, nayo yaweza kuifuta tikiti hata mlangoni mwa ndege. Aliyekuuzia hutamwona tena.

Pamoja na hayo yote, hatukatai kwamba maili zimewafaa watu wetu. Msiba haungoji nauli ishuke. Mtu aliyepigiwa simu usiku kwamba mama yake amefariki, naye yuko Minnesota, akitazama bei ya tikiti ya kesho yake huona giza. Kama anazo maili, na kiti kikapatikana, huweza kuwahi mazishi bila kuingia deni la mwaka mzima. Kwa mtu wa namna hiyo, aliyezichuma kwa jasho lake mwenyewe, twasema azitumie kwa furaha.

Sasa tuingie katika kiini cha maneno yetu. Zamani maili ilikuwa maili kweli. Maskini na tajiri waliokaa katika ndege moja walipewa hesabu ile ile ya umbali, ingawa wa daraja la juu aliongezewa kidogo. Leo sivyo. Januari 2015 Delta iliacha kuhesabu umbali katika safari zake, ikahesabu dola: maili 5 kwa kila dola kwa mwanachama wa kawaida, na kuendelea hadi 11 kwa yule asafiriye daima. Aprili 2018, miezi michache kabla ya njia ya New York kufunguliwa, Flying Blue ikafanya vivyo hivyo kwa yuro: maili 4 kwa anayeanza, 8 kwa wa daraja la juu kabisa.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Mwanafunzi ameuza ng'ombe wa baba yake, amelipa nauli ya yuro 1,000. Ameandikiwa maili 4,000. Mbele yake katika ndege hiyo hiyo, nyuma ya pazia, amekaa bwana mkubwa aliyetumwa mkutanoni, tikiti yake ni ya yuro 5,000. Naye kwa kuwa husafiri kila mwezi ameandikiwa 40,000. Nauli yake ni mara tano, nyongeza yake ni mara kumi. Wamefika New York dakika ile ile.

Tena swali kubwa ni hili: yule mwanafunzi amelipa kwa fedha ya ng'ombe wa kwao. Bwana mkubwa amelipa kwa fedha ya nani?

New York si mji wa biashara tu. Huko ndiko makao makuu ya Umoja wa Mataifa, na kila mwaka mwezi wa Septemba wajumbe wa Serikali za dunia nzima humiminika huko kwa Baraza Kuu. Nairobi nako yako makao ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, na la makazi. Kwa hiyo njia ya kutoka mji huu hadi ule ni njia ya mikutano, na njia ya mikutano ni njia ya tikiti zinazolipwa na mfuko wa umma, au wa chama, au wa shirika la wafanyakazi. Fedha hiyo imetoka kwa mkulima wa pamba na kuli wa bandarini. Lakini maili hazimrudii mkulima, wala haziingii katika hazina. Huandikwa kwa jina la yule aliyekaa katika kiti. Mwisho wa mwaka, zikiisha kujaa, humpeleka yeye na jamaa yake mapumzikoni.

Twajua jibu litakalotolewa. Wataambiana: "Hizo ni vitu vidogo, ni karatasi tu." La, hasha. Wakati wa maradhi ya korona, mwaka 2020, ndege zilipolala chini na mashirika yakakosa fedha, yaliweka rehani nini ili yakopeshwe? Mwezi wa Septemba mwaka huo Delta iliweka rehani daftari lake la maili, ikapata dola bilioni 9. United ilifanya hivyo pia, na daftari lake lilikadiriwa kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 22. Watu wa benki si wapumbavu. Hawakopeshi mabilioni juu ya kitu kisicho na thamani.

Thamani hiyo yatoka wapi? Mashirika hayaandiki tu maili za safari. Huziuza kwa mabenki, na mabenki huwapa watu wanaonunua vitu kwa kadi za mkopo. Mwaka 2023 American Express iliilipa Delta dola bilioni 6.8 kwa sababu ya kadi wanazozitoa pamoja. Nayo American Express yapata wapi fedha hiyo? Sehemu yake hutoka kwa wenye maduka, wanaokatwa kiasi katika kila malipo ya kadi, nao wenye maduka hukiongeza kiasi hicho katika bei ya mkate. Kwa hiyo mama wa Chicago anayenunua mkate kwa senti za mkononi, asiye na kadi, huchangia kiti cha yule mwenye kadi ya dhahabu. Wengine hudhani dhuluma lazima iwe na kiboko mkononi. Hii haina hata sauti.

Na tuseme jambo juu ya shirika lenyewe la Kenya. Baada ya mapatano ya mwaka 2017 ya kupanga upya madeni yake, Serikali ya Kenya ilikuwa na hisa asilimia 48.9, mabenki yaliyokuwa yakilidai yakapata asilimia 38.1, na KLM ikabaki na asilimia 7.8. Mwaka ule wa 2018 ilipofungua njia ya New York, lilipata hasara ya shilingi za Kenya bilioni 7 na nusu. Hasara zikaendelea mwaka hata mwaka, mpaka mwaka 2024 lilipopata faida ya bilioni 5.4, ya kwanza kwa miaka kumi na mmoja. Wafanyakazi wake walipata misukosuko mingi. Machi 2019 wafanyakazi wa usafiri wa anga waligoma katika kiwanja cha Nairobi, polisi wakawatupia mabomu ya machozi, na Novemba 2022 wakagoma marubani. Katika mwendo kama huo, kila kiti kina damu ndani yake. Kiti kilichochukuliwa kwa maili za mshirika huliingizia shirika fedha kidogo. Si kosa, ndivyo biashara ilivyo, na kiti kitupu hakiingizi kitu kabisa. Lakini yafaa kujua ni nani aliyekikalia.

Huko ng'ambo jambo hili limekwisha kuwatoa watu katika vyeo. Ujerumani, mwezi wa Julai 2002, ilitangazwa gazetini kwamba wabunge walitumia kwa safari zao wenyewe maili walizozipata kwa safari za Bunge, ingawa walitakiwa kuzitumia kwa kazi za Bunge tu. Cem Özdemir wa chama cha Kijani aliacha kazi yake ya usemaji wa chama. Gregor Gysi, aliyekuwa waziri wa uchumi katika serikali ya mji wa Berlin, akajiuzulu. Wote wawili walikuwa watu mashuhuri wenye kupendwa, na thamani ya maili zenyewe ilikuwa ndogo ukilinganisha na mshahara wao. Wako waliosema hukumu ilizidi kosa. Labda. Nasi twaona kwamba kidogo kilichochukuliwa na mtu anayehubiri usawa huonekana kikubwa, na ni haki kionekane hivyo.

Marekani walifuata njia nyingine. Mpaka mwaka 2001 maili za safari za kazi zilikuwa mali ya Serikali. Mwisho wa mwaka huo ikatungwa sheria kuwaachia watumishi, kwa hoja kwamba kuzisimamia ni kazi ngumu, na kwamba makampuni yaliwaachia watu wao, kwa hiyo Serikali ingekosa watumishi wazuri kama ingezidi kuwabana. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Mtu anayelala katika kiti wiki mbili kwa mwezi, akiwa mbali na mkewe na watoto, amepoteza kitu ambacho posho haikilipi. Lakini wale wameamua hadharani, kwa sheria iliyoandikwa, kila raia akijua. Kuamua hadharani ni jambo moja, na kunyamaza tu ni jambo jingine.

Kwetu watu wengi hawajajiuliza hata swali lenyewe. Twatoa mfano wa nyumbani. Mama amempa mtoto shilingi akanunue sukari. Mwenye duka amempa mtoto peremende ya nyongeza. Mtoto akiila njiani, hakuna mama atakayempeleka polisi. Lakini kama mtoto aanza kwenda duka la mbali, lenye sukari ghali, kwa kuwa huko peremende ni mbili, basi mambo yamegeuka; sasa peremende ndiyo inayotumwa dukani. Na hivi ndivyo inavyotokea kwa tikiti. Mtumishi mwenye kadi ya shirika fulani hataki kupanda ndege ya shirika jingine, hata kama nauli yake ni nafuu kwa robo, ili asikose maili zake na chumba chake cha kupumzikia kiwanjani. Tofauti ya nauli hailipi yeye.

Yako mashirika ya ndege yenye daftari la kampuni pamoja na daftari la mtu. Air France na KLM wanalo la namna hiyo, ambapo ofisi iliyonunua tikiti hupata pointi zake pasipo kumnyang'anya msafiri zake. Kwa hiyo haisemwi kweli inaposemwa kwamba haiwezekani. Ofisi inayonunua tikiti nyingi ingeweza kuulizia daftari la namna hiyo, na pointi zake hatimaye zikanunua tikiti nyingine.

Tikiti hiyo apewe nani? Hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Septemba 1959, kabla nchi zetu hazijapata uhuru, vijana 81 walipanda ndege moja ya kukodi Nairobi wakaenda New York kusoma. Aliyewatafutia nafasi ni Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, na fedha ya ndege ilichangwa Marekani na watu wa kila namna. Barua ya kuombea mchango ilitiwa sahihi na Jackie Robinson, mcheza besiboli, na Harry Belafonte, mwimbaji, na Sidney Poitier, mcheza sinema. Huku kwetu vijiji vilifanya sherehe za chai ili kumpatia mtoto wao fedha ya mfukoni. Mwaka 1960 jamaa ya Kennedy ilitoa dola 100,000 ili wengine wafuate, na safari hiyo walikuwamo vijana wa Tanganyika na wa nchi nyingine za jirani. Mpaka mwaka 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800. Wangari Maathai alikuwa mmoja wa wale wa mwaka 1960.

Ndege ile ya mwaka 1959 haikuwa na daftari la maili. Kila kiti kilikuwa na mlipaji wake, na mlipaji alijua kiti chake amekaa nani. Leo njia ni ile ile, Nairobi hadi New York, na katika njia hiyo fedha ya umma yazaa viti vingine ambavyo mlipaji havijui. Kijana aliyepata nafasi ya chuo na kukosa nauli yuko. Mgonjwa aliyeandikiwa kwenda kutibiwa ng'ambo yuko. Pia yuko mfanyakazi aliyechaguliwa na wenzake kwenda mkutano wa kazi, akaambiwa chama hakina fedha.

Haingekuwa haki tumalize bila kujitaja sisi wenyewe. Katika saraka ya meza tunayoandikia makala haya imo kadi ya shirika moja la ndege, ambalo hatulitaji kwa kuwa halikufanya kosa lolote. Tuliipata mwaka 2013, tulipotumwa kwenye mkutano kwa fedha ya ada za wanachama. Karani wa kiwanjani alituuliza kama tunayo kadi, tukasema hatuna, akatuandikisha papo hapo, nasi tukafurahi kama watoto. Tukatumwa tena, na tena. Mwaka 2017 maili zikatosha tikiti mbili za kwenda na kurudi. Tukaenda na mke wetu harusini kwa mpwa wetu, tukakaa siku tisa. Hatukumwuliza mtu. Haikutupitia moyoni kwamba kuna wa kuulizwa. Tulipoanza kuandika habari za wale wa Berlin ndipo kalamu iliposimama, tukaifungua saraka.

Maili zilizobaki katika kadi hiyo ni 23,460. Wiki iliyopita tulimwandikia mhazini barua, tukamweleza habari yote, tukamtajia bei ya zile tikiti mbili kama ilivyokuwa wakati ule, na kumwomba aseme tulipe kwa awamu ngapi, tena azichukue hizo zilizosalia ziwe za chama. Jana barua imerudi mezani petu. Hakuikataa. Ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu, kwa hati yake ile nzuri ya shule ya zamani: "Fedha nitaipokea. Maili niziingize katika kifungu gani?"